Sisikii, Bosi

Watu wakiniuliza nilipona vipi ule uchovu ulioniangusha, wanategemea niwatajie dawa, au maombi, au mganga wa huko Runzewe. Nawaambia ukweli, wanacheka. Mimi nilipona kwa chuki. Nililala kwa chuki, nikala kwa chuki, nikaenda matembezi ya jioni nimevimba kama unga uliozidi hamira. Kulikuwa na mtu mmoja duniani niliyetaka anione nimenawiri, mashavu yamejaa, ajue kwamba hakuniweza. Mtu huyo alikuwa bosi wangu, mwanamke mwenzangu. Sijamsamehe, na msiniombee msamaha wake.

Nilikuwa mpishi mkuu wa kantini yake. Yeye alikuwa na tenda ya kulisha wafanyakazi kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Kahama. Mimi nilikuwa na mikono na ulimi. Siku wakubwa wa mgodi walipokuja kuonja chakula chetu kabla ya kumpa tenda, nilipika nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa ambayo huku Usukumani tunayaunga kwa karanga. Mzee mmoja wa stoo alikula akafuta jicho, akasema amemkumbuka mama yake. Bosi, ambaye alikuja huku kufuata biashara, hakuwa anajua nsansa ni nini. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa ameifungua mifuko jikoni akaniuliza kwa nini nimenunua majani ya chai mengi hivyo. Lakini tenda alipata yeye, na tangu hapo akawa ananitambulisha kwa watu, "Huyu ndiye ulimi wangu." Nami nilifurahi, mjinga mimi.

Alikuwa na maneno mawili ya kutuongozea. La kwanza lilikuwa "sisi hapa ni familia", na hilo lilitoka kila mtu alipoomba likizo. La pili lilikuwa "jikaze". Ukiumwa kichwa, jikaze. Ukifiwa, pole sana, jikaze. Wasaidizi wangu wakiacha kazi hakuna anayeletwa kuziba pengo, kwa sababu, "Mama Mapacha, wewe mwenyewe unatosha, jikaze." Mama Mapacha ndiye mimi, nina mabinti wawili niliowazaa siku moja, wote wapo shule ya bweni. Simu yake ilikuwa inaingia kabla muadhini hajaamka. Inaingia nikiwa bafuni, inaingia nikiwa kanisani, na nisipopokea inaingia kwa jirani. Kula nilikuwa nakula kwa upawa, nimesimama, jicho moja kwenye sufuria nyingine. Nilipika chakula cha jeshi zima la watu, mimi mwenyewe nikasahau sahani inakaaje mapajani.

Mwili ukaanza kunigomea. Usingizi ulikatika, nikifumba macho nasikia sufuria zinachemka. Nabandika maji, halafu nasimama pale nimesahau nilitaka kupika nini. Nalia bila sababu, na nikiulizwa nasingizia vitunguu, wakati vitunguu vilishamenywa zamani. Wasichana wa jikoni wakaanza kunong'ona kwamba nimerogwa, kwamba yupo mtu ananitumikisha kwenye mashamba yake nikiwa nimelala, ndiyo maana naamka nimechoka. Niliwaambia acheni ujinga, uchawi wa nini, anayenitumikisha tunamjua wote na ana ofisi pale mbele.

Halafu ikaja siku ya maharage. Ilikuwa mchana, foleni ya shifti imefika mlangoni, vijana wameshika kofia zao ngumu mikononi. Wa kwanza alionja, akaitazama sahani yake, akasema kwa sauti, "Mama, leo umetuhamishia Uvinza?" Watu wakaangua kicheko, maana Uvinza ndiko kwenye chumvi. Wa pili akatema. Nikachota kidogo nikaonja. Hakuna kitu. Nikaonja tena. Maharage yalikuwa ya moto, yalikuwa laini, basi. Ladha hakuna, ni sawa na kutafuna kitambaa kilicholowa. Ndipo nikaelewa kwamba tangu asubuhi nilikuwa naongeza chumvi nikiitafuta na siipati. Ulimi ndio ulionisomeshea watoto, ndio ulionipa heshima ya kuitwa mama na watu wasionijua. Mpishi asiyesikia ladha ataenda kuwa nani?

Bosi akatoka ofisini, miwani imekaa utosini. Akaonja, uso ukamkunjamana.

"Umeweka nini humu?"

Nikachota tena, nikaonja.

"Si nakuuliza wewe! Unasikia?"

Na mimi, kwa hofu niliyokuwa nayo, nilidhani ananiuliza kuhusu chumvi. Si mnakijua Kiswahili chetu? Ladha tunaisikia, harufu tunaisikia, na bosi akifoka naye tunamsikia. Nikamjibu kwa moyo wangu wote, nikitegemea kwamba sasa atashtuka, atanishika mkono, familia si familia.

"Sisikii, Bosi."

Foleni nzima ikaguna. Walidhani nimemjibu jeuri. Yeye naye akadhani hivyo hivyo.

"Husikii? Mimi nasema na wewe, husikii?"

"Sisikii kabisa," nikasema, na machozi yakaanza.

Akachukua sahani, akaijaza maharage mpaka yakamwagikia mezani, akanisogezea. "Basi kula. Kula chote hapa hapa mbele yao, labda masikio yatazibuka."

Nikala. Nilikula nimesimama, kijiko baada ya kijiko, yale maharage yaliyowashinda wanaume wa kuvunja miamba. Mwanzoni walicheka. Nilipofika nusu, kicheko kikafa. Sikuwa nakunja uso, kwa kuwa sikuwa na cha kunikunjisha uso, na nadhani hilo ndilo lililowaogopesha. Yule kijana wa Uvinza akasema, "Bosi, inatosha jamani." Bosi akamjibu, "Mwache, atajikaza." Nilimaliza, nikaiweka sahani chini, nikavua aproni, nikaelekea getini. Sikumuaga mtu.

Nilipanda basi nikaenda Songwa kwa dada yangu mkubwa. Dada ni mjane, ana kuku, ana mbuzi, na ana mdomo. Alinipokea mlangoni, akanikagua kuanzia juu mpaka kwenye viatu, akaniuliza, "Umekuja kutembea au umekuja kufa?" Nikamwambia sijui. Akasema basi ingia ndani, utajua ukishalala.

Kesho yake akanikokota hadi zahanati. Mganga wa pale ni kijana mdogo, lakini kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari. Akanipima malaria, hakuna. Akapima sukari, akapima presha, akaniuliza kama nina mafua, nikasema sina. Kisha akaniuliza eti mara ya mwisho kula nimekaa ilikuwa lini. Nikamkazia macho. Nimepoteza ulimi, huyu ananiuliza habari za viti! Lakini nilipojaribu kukumbuka, nilichokiona ni upawa tu. Akaniuliza nalala vipi, naongea na nani nikiwa na uchungu, simu inalia saa ngapi. Nikajikuta naeleza mpaka habari ya maharage. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema mwili umechoka na akili imechoka, na kwamba ulimi unaweza kurudi wenyewe nikipumzika, ila hawezi kuniahidi. Usiporudi, ataniandikia niende hospitali ya mkoa wanichunguze zaidi. Wakati nangoja, nilale. Nile nimekaa. Nitembee jioni. Simu niizime. Na nisiubebe huu mzigo kimya kimya.

"Na dawa?" nikauliza.

"Ndiyo hiyo, mama."

Nilitoka pale nimefura. Mambo hayo hata kuku wa dada wanayajua! Na nawaambia kweli, nisingefanya hata moja, ila jioni ile Bosi alipiga. Hakusema pole. Hakuuliza nimefika wapi. Alisema, "Umetia aibu familia. Kesho asubuhi uwepo, na ujikaze." Nikakata simu, na nikiwa nimeishika pale ndipo mambo yakaninyookea. Kitu ambacho huyu mwanamke hakitaki kabisa hapa duniani ni mimi kupumzika. Alaa! Basi nitapumzika mpaka ajute kunifahamu.

Nikachukua simu nikaizika ndani ya gunia la mpunga chumbani kwa dada. Sikuizima, daktari anisamehe, nilitaka ilie. Ililia humo ndani kwa sauti ya mtu aliyefunikwa mto, nami nikajilaza kitandani nikiisikiliza kwa raha zangu. Lia. Lia tena. Nilipitiwa na usingizi ikiwa bado inalia, na niliamka jua limeshapanda, dada ameniwekea shuka la pili. Mabinti zangu niliwapa namba ya dada. Mle kwenye mpunga nikamwacha Bosi peke yake, mpaka chaji ikaisha.

Kula nimekaa kulinishinda mwanzoni. Miguu ilikuwa inataka kusimama yenyewe. Dada akanipa kigoda, akanipa sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa vikakatwa na kukaushwa juani, pamoja na bakuli la maziwa ya mgando, akanisimamia kama askari jela. Nilikuwa natafuna bila kusikia chochote, lakini nilitafuna nimekaa, nikimfikiria Bosi kule jikoni anahangaika na upawa wangu. Kila tonge nililimeza taratibu kwa ajili yake.

Jioni nikawa natembea. Nafuata barabara ya vumbi mpaka mahali unapoiona ile milima ya michanga ya mgodi wa almasi, halafu narudi. Kilichonishinda huko hakikuwa miguu, kilikuwa ni salamu. Kahama nilishazoea "poa" na "safi", unasema huku unapita. Songwa mtu akikwambia "Mwadila" jioni, lazima usimame. Atakuuliza umeshindaje, wa nyumbani wameshindaje, watoto, ng'ombe, mvua huko ulikotoka ikoje, na hawezi kukuachia mpaka mmemaliza. Siku za mwanzo nilikuwa namjibu mtu huku mguu mmoja uko mbele. Mama mmoja muuza dagaa akanicheka, "We, unakimbilia wapi, umeacha sufuria motoni?" Mwe! Yule mama alinichoma. Sikuwa na sufuria popote. Nikasimama, nikamsalimia upya kuanzia mwanzo, mpaka kwenye ng'ombe, na mimi sina ng'ombe.

Baada ya matembezi dada ananiandalia beseni la maji ya moto la kuchovya miguu. Chumvi naitia mwenyewe. Ile ile chumvi iliyoniumbua mbele ya watu, natia konzi, halafu naikanyaga. Dada alidhani ni dawa ya uvimbe, sikumfafanulia. Na nikawa najifunza kukataa. Kwa Kiswahili ulimi wangu ulishazoea "sawa, Bosi", kwa hiyo nilianza kwa lugha ya mama yangu, ambamo hapana ni "yaya". Kuku akisogelea pishi la mtama, namwambia yaya. Mbuzi akichungulia ndani, yaya. Dada akaniambia kuku wake wataniogopa mpaka wasitage.

Usiku nilikuwa nalala, machozi yalikuwa yamekauka, na mashavu yalishaanza kurudi. Lakini ulimi, kimya. Kila mlo dada ananiuliza, "Unasikia?" na mimi, "Sisikii." Kuna asubuhi moja maziwa ya mgando yalinigusa pembeni ya ulimi kwa uchachu mdogo sana, nikaruka kwenye kigoda, nikanywa tena, ukawa umeshapotea. Hapo nililia kilio cha hasira. Nilimwambia dada kila kitu kilichokuwa kinaniuma, kwamba nitalala mpaka mgongo uote magamba, nitatembea mpaka mwisho wa dunia, na kama chumvi hairudi basi yule mwanamke amenila nikiwa hai. Dada hakunipa maneno ya kunituliza. Alinisogezea bakuli, akasema, "Kunywa, mradi umekaa."

Bosi alikuja mwenyewe, nadhani yule jirani ndiye aliyemwelekeza, mchana wa jua kali. Nilikuwa nimelala kitandani, ni saa yangu ya kujinyoosha, nikasikia gari, nikasikia viatu vyake, halafu sauti ile.

"Mwamshe, mwambie ni Bosi wake."

"Yaya," akasema dada.

"Yaya ndiyo nini?"

"Ndiyo hapana. Amelala."

Jamani, sijui kama niliwahi kupata raha kama ile. Nilikuwa macho kabisa. Nilijigeuza upande wa pili, nikavuta shuka, nikamsikiliza anavyohemea kwenye benchi la nje. Alikohoa. Akaomba maji, akapewa. Akauliza kama huwa nalala sana. Dada akasema, "Sana." Nilipotosheka niliamka, nikanawa uso, nikapaka mafuta mpaka ukawaka, nikatoka. Nikamsalimia salamu ya Songwa, yote, umeshindaje, wa nyumbani, watoto, biashara, mvua ya Kahama. Alikuwa anajibu huku mguu mmoja uko mbele.

Alikuwa amekonda. Macho mekundu, kucha zimekatika, na nguo inanuka moshi wa jikoni, mtu ambaye zamani alikuwa akinusia jikoni kutoka mlangoni. Alifungua hotipoti aliyokuja nayo, halafu akasimama pale na kifuniko mkononi, amesahau alitaka kukiweka wapi. Kule kusahau nilikutambua, kulikuwa kwangu. Huruma ikaja ikachungulia, nikaifungia mlango.

"Mama Mapacha, kesho wakubwa wa mgodi wanakuja kuonja upya," akasema. "Wanataka kunipokonya tenda. Wameitaja kabisa ile nsansa yako. Wapishi wangu wamepika, mimi mwenyewe nimepika, kuna kitu hakikai na sikijui. Sikuombi urudi kama hutaki. Onja tu, uniambie unasikia nini."

Hakusema samahani. Nilingoja, nikampa muda wa kutosha, hakusema. Dada akanisogezea kigoda, nikakaa, nikachota kwa kijiko, nikaweka mdomoni.

Kwanza ukaja uchungu wa kuungua. Sufuria ilishika chini, na kuna mtu kwa haraka zake akaikwangua na kuichanganya yote, badala ya kuihamisha ile ya juu taratibu kwenye sufuria nyingine na kuiacha ya chini ilipo. Kisha magadi, yamezidi, yamefanya utelezi wa sabuni. Maji ya kwanza hayakumwagwa, vumbi lilikuwemo. Karanga zilikuwa mbichi katikati. Na nyuma ya hayo yote, mwishoni kabisa, kwenye pande zote mbili za ulimi wangu, ikaja chumvi. Ilikuwa imepungua. Chumvi kidogo tu! Nikaisikia.

Machozi yalinitoka pale pale. Bosi akanishika goti. "Vipi? Ni mbaya hivyo? Niambie! Unasikia nini?"

Nilimtazama usoni. Nilikuwa nimelihifadhi neno "jikaze" kwa ajili yake siku zote zile, nimelinoa, nimelifanyia mazoezi mbele ya kuku. Mtaamini kwamba nililisahau? Mpaka leo linaniuma. Chumvi ilikuwa imenijaa mdomoni, na kilichonitoka kilikuwa kile nilichomwambia siku ya maharage, kwa upole ule ule.

"Sisikii, Bosi."

Safari hii alielewa. Niliona linavyomwingia, kuanzia kwenye macho, likashuka. "Kumbe siku ile ulikuwa unaniambia…" akasema, akageuka kuelekea kwenye gari. Hakujua kwamba nimemdanganya. Aliondoka akiamini ulimi wangu umekufa na kwamba ameuua yeye, na mimi nikamwacha aondoke na mzigo huo. Hotipoti aliisahau kwenye kigoda.

Tenda waliichukua wengine, nilisikia baadaye. Mimi siku hizi nina kibanda changu cha chakula Kahama karibu na stendi. Jumapili nafunga, simu nazima jua likizama, na wasichana wangu wa kazi wanakula wamekaa, la sivyo tunagombana. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, vumbi la gari lilipotulia, nilimwomba dada sahani. Nikaimimina ile nsansa yote, imeungua, inateleza, ina mchanga, nikaanza kula.

"Mwe! Unakulaje hicho?" akasema dada. "Harufu tu inanitosha. Wewe unasikia kweli?"

"Nasikia, dada," nikamwambia. "Nasikia vyote." Na nikala chote, nimekaa.